Njiti Kwenye Bawaba

Hakuna aliyemlilia Fundi Miwani kwa sauti isipokuwa mkewe, na hata hayo machozi yake polisi waliyaingiza kwenye jalada kama ushahidi dhidi yake. Amelia mno, aliandika mpelelezi wa kwanza. Hakulia vya kutosha, akaandika msaidizi wake kwenye ukurasa uliofuata. Jalada lilipomfikia Keekee, mwaka na ushei baada ya mauaji, alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena amekaa, kisha akasonya.

Ofisini walimwita Keekee kwa sababu, kama keekee ya seremala, akishaanza kutoboa haachi mpaka atokee upande wa pili. Waliombandika jina hilo walitaka kumkera. Yeye akalipokea kama zawadi, akawa analitumia hata kwenye simu.

Kuhusu marehemu, jalada lilieleza hivi. Alikuja nchini akiwa kijana, akafungua kiduka cha kupima macho na kusaga vioo, akajifunza lugha mpaka akawa anawatania wateja kwa lugha hiyo, kisha akaoa hapa hapa. Kumbe muda wote huo alikuwa jasusi wa serikali ya kwao. Hilo lilijulikana alipokufa, pale ubalozi wao ulipodai mwili wake hata mkewe hajamaliza kuwapigia simu jamaa. Alikutwa kwenye chumba chake cha kazi, kichwa kimelala juu ya meza ya kusagia, na daktari akakuta sumu tumboni. Sumu iliingia saa ngapi? Mchana au jioni, daktari alisema, na zaidi ya hapo hakutaka kubanwa.

Mpelelezi wa kwanza hakujisumbua kutafuta mbali. Mke ndiye aliyemchemshia chai. Mke ndiye aliyegombana naye siku iliyotangulia, majirani wakasikia mpaka mlio wa sufuria. Na mke, kwa kinywa chake mwenyewe, alisema alirudi jioni kutoka saluni anakosuka, akapika, akala, akamngoja mumewe kwenye kochi mpaka usingizi ukampitia, na kumbe mume yuko nyuma ya mlango wa pili, amekufa. Asubuhi ndipo alipofungua.

"Nilidhani hayupo," alisema. Walipomuuliza alijuaje kuwa hayupo, akajibu, "Nilijua tu."

Kwa hilo "nilijua tu" alikuwa mahabusu hadi leo. Mwendesha mashtaka alikuwa amepanga kumpandisha kizimbani Jumatatu kwa kosa la mauaji, na Mkuu wa upelelezi alimkabidhi Keekee jalada siku chache kabla, alinyooshe makunyanzi tu. "Pitia pitia, binti, tulifunge," alimwambia. Keekee akaomba kibali cha kumtoa mjane kwa asubuhi moja, ampeleke nyumbani kwake, aitembee upya siku ile.

*

Mjane aliteremka kwenye gari akiwa amefungwa pingu, akipepesa macho kwa jua. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye vidole virefu, na vidole hivyo havikutulia; vilisokotana vyenyewe kama vinatafuta nywele. Keekee akaagiza pingu zifunguliwe. Konstebo wa kike aliyekuja nao akasita, mjane akamwambia asiwe na wasiwasi, amtoroke aende wapi na kichwa chake hakijamalizika? Ndipo Keekee alipoziona nywele za konstebo: nusu moja imesukwa mistari mizuri ambayo hajapata kuiona, nusu nyingine imefungwa kitambaa.

"Kule ndani nimewasuka wote," mjane alieleza. "Huyu zamu yake iliishia katikati."

Konstebo akatazama ukutani.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, mlango wa mwisho, ngazi zinanuka sabuni ya kufulia. Keekee alimpa mjane maelekezo mafupi: asisimulie kitu, afanye tu, kuanzia chini ya ngazi, kama alivyofanya jioni ile. Mjane akapanda na mkoba wa kufikirika begani. Akasimama mlangoni. Akatoa ufunguo wa kufikirika. Kisha, kabla hajauingiza, akachutama, akapeleka vidole chini kabisa, pale bawaba ya chini inapokutana na fremu, akapapasa. Akakumbuka yuko na watu, akainuka haraka.

"Hapo ulikuwa unafanya nini?" Keekee aliuliza.

"Wapi?"

"Hapo chini."

"Aa, mazoea tu, dada."

"Mazoea gani?"

Mjane akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekutwa anaongea peke yake. Ilimchukua muda kulitoa jibu, na alipolitoa alilitoa kama anasimulia tabia ya mtoto. Tangu wiki ya kwanza ya ndoa yao, mumewe alikuwa na sharti. Anayetoka wa mwisho nyumbani achukue njiti ya kibiriti iliyokwisha kuungua, aichomeke kwenye upenyo ule wa bawaba wakati anafunga mlango. Anayerudi wa kwanza aitoe, aiweke kwenye kibao cha funguo. Njiti ikiwepo, ndani hakuna mtu na hakuna aliyeingia. Njiti isipokuwepo na mwenzako hajasema atawahi kurudi, usifungue, shuka chini ungoje. Yeye mjane alidhani ndiyo desturi ya kwao mume. Mumewe mwenyewe alimwambia hivyo, kwamba kule kwao kila nyumba hufanya, kwa ajili ya wezi.

"Nikasema sawa," mjane alisema. "Kuna wanaume wanakoroma, wangu anachomeka njiti. Nikazoea. Jioni ile niliikuta mahali pake. Nikajua ametoka. Kwenye chumba cha kazi mimi siingii, vumbi la nguo linaharibu vioo vyake. Kwa hiyo nikakaa."

"Mbona polisi hukuwaambia haya?"

Vidole vikasokotana.

"Walikuwa wanne, wamenizunguka, wanacheka. Wananiuliza nimelalaje na maiti. Niwaambie mume wangu alikuwa akichezea vijiti mlangoni kama mtoto? Alishakufa, dada. Mimi nilishachekwa. Sikutaka wamcheke na yeye."

Keekee alimwomba konstebo kibiriti. Akachoma njiti moja, akaizima, akatoka nje, akafunga mlango huku ameishikilia pale penye bawaba. Ikanasa vizuri, kichwa kimechungulia. Akafungua mlango kidogo tu, njiti ikadondoka bila sauti. Baada ya hapo akaingia ndani, akajifungia, akajaribu kuichomeka kutokea huko. Haikuwezekana. Mlango ulikuwa na ubao wa kuzuia upepo upande wa ndani, upenyo wote umezibwa. Alijaribu kwa vidole, akajaribu kwa kibanio cha nywele alichoazimwa na mjane, akajaribu akiwa amelala kifudifudi sakafuni na sare yake safi. Konstebo aliyekuwa nje akitazama akaripoti kila mara kwamba haoni kitu.

Alipoinuka magoti yake yalikuwa na vumbi na uso wake umetulia kabisa.

Njiti huchomekwa kutokea nje tu. Fundi Miwani alikuwa ndani. Mke aliikuta imechomekwa. Basi kuna mtu wa tatu aliyetoka wa mwisho, akafunga, akachutama, akairudisha njiti mahali pake. Mwuaji wa kawaida, akishamaliza shughuli yake, miguu humtangulia. Hana habari na njiti. Huyu aliiona pale Fundi Miwani alipoitoa wakati wanaingia pamoja, akaiweka akilini, na alipokuwa anaondoka mkono wake ukafanya ulichofundishwa: acha kila kitu kama ulivyokikuta. Alikuwa anafuta nyayo zake. Akaacha unyayo mmoja ambao asiyesomea kazi hiyo hawezi kuuacha.

Kilichobaki ni jambo dogo lenye uzito wa nyumba: njiti yote ilisimama juu ya neno la mtuhumiwa. Mwendesha mashtaka angeipuliza ikaruka.

Keekee alimuuliza mjane nani walikuwa wakiingia nyumba ile. Wageni hawakuwepo, alijibu, ila mmoja, mtu wa kwao marehemu anayesimamia maktaba ya kituo chao cha utamaduni. Alikuwa akija kila Jumapili kucheza drafti. "Kule chumba cha maiti yeye ndiye aliyenishika mkono. Alilia kuliko mimi."

Wakati wanateremka, jirani wa ghorofa ya chini alimvuta Keekee pembeni kwa ishara ya kidole. Siku ile, alisema, alimwona kaka yake mjane akipanda ngazi, yule fundi wa kuchomelea. Mchana. Mbona hakuyasema hayo zamani? Jirani akashangaa. Polisi walimuuliza kama alisikia ugomvi, na ugomvi aliusikia. Kuhusu ngazi hakuulizwa.

*

Kaka wa mjane aliitwa Cheche, na karakana yake ilijulikana kwa mwanga kabla ya kibao. Habari zake zilikuwa jaladani, aya nzima. Siku ya harusi alisimama mbele ya ukoo akasema dada yake anaolewa na mtu asiye na mjomba wala shangazi, akikosa watamshitaki kwa nani? Akaapa hatakanyaga nyumba ile. Akaongeza kwamba iko siku atauchomelea mlango wa bwana harusi huyo na mwenyewe akiwa ndani. Keekee alikwenda na pingu mfukoni, na kwa kweli alitarajia kuzitumia.

"Siku aliyokufa shemeji yako ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilikuwa na geti la watu."

"Umeonekana kwenye ngazi za dada yako."

Cheche akashusha kinyago chake cha kuchomelea, kikafunika uso wote.

"Pandisha, kaka. Mimi sitoi mwanga."

Alikipandisha polepole. Chini yake palikuwa na uso wa mtu aliyekuwa amebeba kitu kwa muda mrefu na sasa ameonyeshwa pa kukitua. Mkewe alikuwa amejifungua wiki ile, alisema. Mtoto wa kwanza. Akaona aibu dada yake asikie habari hizo kwa watu. Kiapo ni kiapo, lakini mtoto naye ni mtoto. Akajipiga moyo konde, akaenda mchana, akijua dada yuko saluni, kusudi aanze na shemeji wakiwa wanaume wawili, wamalize. Akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena.

"Kisha?"

"Kisha nikaondoka."

"Moja kwa moja?"

"Nilitaka kuvuta kwanza. Sigara ninayo, kibiriti sina. Nikaona njiti imechomekwa pale chini ya mlango, kwenye bawaba. Nikaivuta. Kumbe imeshaungua." Cheche akatikisa kichwa. "Nikasema shemeji huyu hata kibiriti chake kinanikataa. Nikairudisha, nikashuka."

Keekee alijizuia kumsogelea. Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia bei, akamtaka amwonyeshe kwenye mlango wa karakana ilikuwa wapi hasa. Cheche akachutama na mwili wake mkubwa, akaweka kidole pale pale ambapo dada yake, asubuhi ile, aliweka chake.

Wawili hao hawakuwa wamesemezana tangu harusi. Askari wa mahabusu walimthibitishia Keekee jambo hilo kwa simu, na kwa lawama: kaka hajawahi kuleta hata sabuni. Cheche aliposikia hivyo akageuza uso. Kama angesema alikuwepo, alieleza, wangefungwa wote wawili, yeye kwa maneno yake ya harusini na dada kwa chai yake, na mama yao angebaki na nani? Akanyamaza mwaka mzima. Kila akiwasha mashine alikuwa anafikiria kwenda kusema, na kila akizima alikuwa hajaenda.

"Dada yako mchana ule alikuwa anasuka kundi zima la bibi harusi," Keekee alimwambia. "Wanawake chungu nzima wamekula kiapo. Njiti ilikuwa mlangoni wakati yeye yuko saluni. Unaelewa umeniambia nini?"

Hakuelewa. Alipoeleweshwa kwamba njiti ya dada yake sasa ina shahidi wa pili, asiyesemezana naye tangu harusi, alikaa juu ya geti la watu lililokuwa bado la moto, akaruka, akatukana, kisha akalia. Maelezo yake yaliandikwa mbele ya konstebo, na sahihi yake ikawa imechafuka kwa masizi.

*

Kibali cha kumhoji mtu wa ubalozi kingepitia wizarani, na wizara ingewajibu wajukuu wa Keekee. Lakini maktaba ya kituo cha utamaduni ilikuwa wazi kwa watu wote, kibao kilisema hivyo getini. Akaingia kama watu wote. Konstebo, safari hii amevaa kiraia na nywele zake nusu zimefichwa chini ya kilemba, akatangulia kuketi bustanini na gazeti.

Mkutubi alikuwa mzee mwenye mvi, mpole, anayezungumza kwa ufasaha wa mtu aliyejifunza lugha kwa mtihani na akafaulu. Alimkaribisha ofisini, akamtengenezea chai, akasikiliza anachotaka. Keekee alisema anataka kumzungumzia rafiki yake wa drafti. Mkutubi akasema ofisini mna joto, waende bustanini. Wakatoka. Akafunga mlango, akageuza ufunguo, kisha akainama pale penye bawaba, kufunga kamba ya kiatu.

Viatu vyake vilikuwa vya kutumbukiza.

Walikaa kwenye benchi. Kwa muda walizungumzia miwani. Mkutubi aliivua yake, akasema ilitengenezwa na marehemu, na kwamba tangu afe hajapata fundi wa kurekebisha mkono wa miwani hiyo uliolegea.

"Kwenye drafti nani alikuwa anashinda?" Keekee aliuliza.

"Yeye. Siku zote."

"Siku zote?"

Mkutubi akavaa miwani yake.

Keekee akamsimulia habari za njiti. Alimsimulia yote, tangu mjane alipochutama mpaka sigara ya Cheche, bila kumtaja mwuaji, kama anavyosimulia mtu kisa alichosikia kwa watu. Mkutubi hakuonyesha chochote. Alikuwa hodari wa hilo. Ila kikombe cha chai alichokuja nacho kilibaki hewani, katikati ya kisahani na mdomo, mpaka kisa kikaisha.

"Viatu vyako havina kamba," Keekee alimalizia.

Yule mzee akavitazama viatu vyake. Likamponyoka cheko fupi, kavu, lililomshangaza mwenyewe.

"Tulisoma shule moja, mimi na yeye," alisema. Akaweka kikombe chini. "Nina kinga ya kibalozi, afande. Nadhani unafahamu."

"Nafahamu. Hata ukiniambia umeua nitakuaga, nikushukuru kwa chai."

"Basi umefuata nini?"

"Jumatatu kuna mwanamke anapandishwa kizimbani. Unamjua. Umekula kwake kila Jumapili. Sikuulizi nani alifanya, wala kwa amri ya nani. Nakuuliza kitu kimoja. Siku ile, alipokunywa, mkewe alikuwepo?"

Mkutubi aliangalia bustani. Mtunza bustani alikuwa akimwagilia maua, na maji yalikuwa yakipita pembeni ya shina, yanakwenda kwenye njia. Alionekana kutaka kumwita amwambie, kisha akaacha.

"Yule binti anayesoma gazeti bila kufungua ukurasa," alisema, "ni wako?"

"Ni wangu."

"Mfundishe kufungua kurasa."

Mkutubi angeweza kuinuka. Keekee alikuwa amejiandaa kumwona akiinuka, mgongo umenyooka, akienda zake kwenye joto la ofisi yake. Badala yake mzee alisema, kwa sauti ya kufika hadi kwenye lile gazeti:

"Hakuwepo."

Na kabla Keekee hajasema kitu, akaendelea, sasa kwa chini. Fundi Miwani aliitwa arudi kwao. Aliitwa mara ya kwanza, akaitwa tena, akakataa. Akaulizwa sababu. "Alisema ana mke. Kwa watu wetu, hilo halihesabiwi kuwa jibu." Vidole vyake vilikuwa vinahangaika na ule mkono wa miwani uliolegea. "Mimi nililiona ni jibu. Lakini mimi sikuulizwa."

Aliinuka, akamwomba Keekee amsalimie mjane, kisha akabadilisha mawazo, akasema bora asimsalimie.

*

Mkutubi alipanda ndege mwisho wa juma. Jumatatu asubuhi barua ya malalamiko ilikuwa juu ya meza ya Mkuu wa upelelezi, ina muhuri mwekundu, na Mkuu alikuwa ameigeuza kifudifudi kana kwamba inamtazama.

Hakuwa mtu mbaya, Mkuu. Alimpa Keekee kiti, akaagiza chai ya pili. Kwanza alimsifu. Ripoti yake ameisoma, alisema, ile ya njiti, na ni kazi ambayo yeye katika ujana wake asingeiweza. Mwendesha mashtaka naye ameisoma. Amesema kwa maneno machache: Keekee akisimama nayo, hana kesi dhidi ya mjane, atamwachia leo kabla ya mchana, na jalada litarudi kabatini na maneno "mwuaji hajulikani". Akiiondoa, mjane anapanda kizimbani kama ilivyopangwa.

Kisha Mkuu akafika penyewe. Ubalozi hautaki makubwa. Wanataka samahani. Naibu balozi yuko kwenye simu muda huu, anangoja. Keekee atasema alikwenda bila kibali, maswali yake hayakuwa na msingi, na mazungumzo ya bustanini hayakuwahi kuwa sehemu ya upelelezi. Maneno yasiyozidi pumzi moja.

"Na nikiyasema, ripoti inabaki na nini?" Keekee aliuliza.

Mkuu akakoroga chai ambayo hakuitia sukari.

"Inabaki na kaka wa mtuhumiwa na sigara yake," alikiri.

"Na mjane?"

"Binti, nisikilize. Mwuaji hutamkamata, ameshaondoka. Marehemu alikuwa jasusi wa watu, si ndugu yako. Wewe una miaka ya kazi mbele. Kiti hiki ninachokalia mimi kinakutafuta wewe. Ukikataa, kesho uko ghala la vitu vilivyookotwa, unapanga miavuli ya watu, na mimi sitakuwa na la kufanya." Alisema hayo bila ukali, macho yamemlegea. "Mimi ningesema tu. Nimeshasema mara nyingi. Haiumi kama unavyodhani."

"Inaonekana iliuma, Mkuu. Mpaka leo unaikumbuka."

Mkuu hakukasirika. Akabonyeza kitufe kwenye simu, akamsogezea Keekee mkono wa simu juu ya meza, akageukia dirishani kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuvaa nguo.

Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole na ya kusubirishwa. Ikasema wanamsikiliza.

"Nilikwenda bila kibali," Keekee alisema, "na adhabu ya hilo nitaipokea kwa mkuu wangu, ninaye hapa. Nilichomuuliza mtu wenu nimekiandika. Alichonijibu nimekiandika, na konstebo wangu amekisikia. Sifuti hata nukta. Yule mama anarudi kwake leo."

Sauti ikauliza, bado kwa upole, kama hiyo ndiyo samahani yenyewe, au bado inakuja.

"Haiji," Keekee alisema. "Siombi radhi."